Togwa Nzito

Mpui, Rukwa
12 Machi 2023

Mdogo wangu Flavian,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Hujambo huko Arusha? Kile kifua ulichoondoka nacho kimepona, au bado unakohoa kama trekta la misheni? Sisi hatujambo, ukiacha baridi ambayo unaijua na mvua ambayo mwaka huu imeamua kunyesha mashamba ya jirani na kuruka letu. Mwanangu Rozina anakuamkia, shikamoo mjomba.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya Felisiani pale dukani inasikika mpaka kanisani. Ulipopiga Jumapili ile ukasema tumbo linakusumbua, watu watatu walinipa pole ya tumbo lako kabla sijafika nyumbani. Na ninyi huko kambi ya wakimbiaji simu zenu mnarudishiwa siku moja tu kwa wiki. Basi tuandikiane. Modesti, yule kondakta wa basi, amekubali kutubebea barua na vifurushi, na ni mtu asiyefungua vya watu.

Kwenye kifurushi kuna kimea cha ulezi wetu, kopo mbili. Ulisema chakula cha hapo hakikushibishi na mkikimbia sana unaishiwa nguvu. Dawa yake unaijua tangu utoto, ila jikoni wewe ulikuwa unaingia kula tu, kwa hiyo nakuandikia. Pika uji wa mahindi, uache upoe mpaka kidole kivumilie, tia kimea, koroga, funika, nenda kalale. Asubuhi utakuta umekuwa togwa, tamu bila sukari. Tia chumvi kidogo. Inywe iishe siku ya pili, maana ya tatu itakuwa pombe na kocha atakufukuza.

Na uifanye nzito, Flavian. Unakumbuka mama, Mungu amlaze mahali pema, akiona togwa inateremka kwenye kikombe kama maji alikuwa anairudisha jikoni, hata mgeni awe ameshanyoosha mkono. Kwetu ukimpa mtu togwa nyepesi umemwambia humtaki. Wenzako wa chumbani wasije wakadhani umetoka kwa wachoyo.

Rozina ametimiza miaka kumi na tano na amechukua miguu yako. Mwalimu Sayi wa michezo anasema hajawahi kufundisha msichana anayewaacha wavulana kwenye mlima namna ile. Rozina mwenyewe anataka awe kama wewe. Mimi nataka asiwe kama mimi, niliyeacha shule darasa la sita mama alipokufa, nikulee wewe uliyekuwa na miaka minane. Sisemi kwa kukulaumu, nasema ujue ninachokiombea.

Dada yako,
Otilia


Kambini, Arusha
2 Aprili 2023

Dada yangu Otilia,

Shikamoo. Kifua kimepona na tumbo pia, waambie wale watu watatu walale salama. Rozina mpe marahaba yangu.

Kimea kimefika bila kumwagika. Siku ya kwanza wenzangu walinicheka, wakaniita Mzee wa Uji. Sasa nikueleze jambo ambalo sikulijua. Kocha wetu Lwitiko, Mnyakyusa wa Tukuyu, anasema mwili wa mkimbiaji una akiba ya sukari, na mtu akikimbia kwa nguvu kama saa moja na nusu akiba inaanza kuisha. Ikiisha anakata moto, hata awe na moyo kiasi gani. Tena jasho linaondoka na chumvi. Ndiyo maana wenye uwezo wanakunywa njiani vile vinywaji vya wanamichezo vya chupa, ambavyo ukiviangalia ni maji, sukari, chumvi na rangi ya kufurahisha macho. Sisi tusio na uwezo tulikuwa tunapewa maji matupu.

Jumamosi tulikimbia kilomita thelathini na mbili na mimi nikabeba togwa. Pale kwenye ishirini na tano, ambapo huwa nayumba na kuona vibanda ambavyo havipo, safari hii niliona barabara tu. Nimemaliza wa pili kambi nzima. Kocha aliionja chupa yangu akauliza nani kaitengeneza. Nikamwambia dada yangu ndiye mwalimu. Akasema mwambie atume zaidi. Na wenzangu wameisifu kwa ule uzito wake, wanasema hawajawahi kuona.

Mwambie Rozina asikimbie kwa nguvu kila siku. Siku mbili kwa wiki zinatosha, nyingine ajongee tu.

Mdogo wako,
Flavian


Arusha
26 Novemba 2023

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya tangu mavuno. Mmeamkaje huko? Maharage yalitoka? Rozina anaendeleaje na shule?

Nimekimbia marathoni Dar es Salaam. Joto la kule siwezi kukueleza wewe unayelala na mablanketi matatu. Ukisimama unatoka jasho, ukikaa unatoka jasho. Kwenye kilomita ya thelathini na nne watu wenye majina makubwa walikuwa wanatembea, mmoja amekaa kando ya lami anashika kichwa. Mimi nilipita. Nimekuwa wa pili, dada.

Sasa sikiliza. Mashindano yalidhaminiwa na kampuni ya kinywaji kinaitwa Vuma, na sharti lilikuwa kila mkimbiaji abebe chupa yao. Picha yangu nikiinyanyua chupa mwishoni imetoka gazetini. Kampuni wakaniita, nimesaini mkataba wa miaka mitatu. Nimehama kambini. Nina chumba changu mwenyewe na kuna mtu kazi yake ni kunikanda miguu.

Kimea usitume tena kwa sasa. Mkataba hautaki nionekane na kinywaji kingine, na hapa mizigo inafunguliwa getini. Usinielewe vibaya. Nimemtumia Rozina raba za mbio, kama zinambana zikate mbele kwenye vidole, uvae wewe shambani.

Mdogo wako,
Flavian


Mpui
14 Januari 2024

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya na hongera sana. U mzima? Huyo anayekukanda miguu ana mikono mizuri? Sisi tupo. Mahindi yamefika magotini, raba zimemtosha Rozina, na gazeti nimelibandika ukutani. Kila anayeingia humu ndani analiangalia kwanza ndipo nampa kiti.

Hayo yameisha, sasa lawama. Juzi nipo dukani kwa Felisiani, redio ikasema kwa sauti yako: "Nilikuwa nakunywa togwa, nikawa naishia njiani. Sasa nakunywa Vuma, nafika." Watu waligeuka kwanza, wakaniangalia. Halafu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa kuwa sikujua uso wangu niuweke wapi. Tangu siku hiyo jina langu hapa Mpui ni Mama Naishia Njiani. Jumapili nikitoa ndoo yangu ya togwa baada ya misa, vijana wananiuliza Vuma ipo, mama?

Sibishani na wataalamu. Kama hicho kinywaji ndicho kilichokufikisha, Mungu akibariki. Lakini si ungesema Vuma ni nzuri ukaishia hapo? Togwa ilikukosea nini? Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nasaga ule ulezi kwa mawe huku wewe unalia mlangoni. Imeniuma, Flavian, siwezi kusema haijaniuma.

Dada yako,
Otilia


Arusha
3 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mmeshapalilia?

Yale maneno niliandikiwa kwenye karatasi. Nilimwomba kijana wa matangazo aitoe togwa, akasema hapo ndipo watu watacheka, na anayecheka anakumbuka. Ni kazi tu, dada, kama sisi shuleni tulivyokuwa tunaigiza Pilato. Usiyaweke moyoni. Siku nikija nitakunywa togwa yako kanisani mbele ya wote, na Felisiani nitamtia kikombe mdomoni kwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Flavian


Mpui
9 Juni 2024

Mdogo wangu Flavian,

Hujambo? Miguu haijambo? Huku baridi imeingia na upepo wake, asubuhi majani ni meupe. Tumevuna salama. Nimekusamehe ile ya redio, au niseme nimeichoka.

Naandika kwa sababu ya Rozina, na nakuomba uisome taratibu. Tarehe 20 Julai, uwanjani Sumbawanga mjini, watachagua wasichana wawili wa mkoa huu wa kwenda shule ya michezo ya bweni. Masomo, chakula, kocha, vyote hukohuko mpaka kidato cha nne, na anayefanya vizuri wanamwendeleza. Yeye atakimbia mita elfu tatu. Mwalimu Sayi amempima kwa saa mara sita na anasema hakuna msichana Rukwa wa kumkaribia isipokuwa mmoja wa kule bondeni Muze. Wawili ndio wanaotakiwa. Kwa hiyo nafasi ni yake akikimbia kawaida yake tu.

Lakini wanachukua wenye miaka isiyozidi kumi na sita. Januari anatimiza kumi na saba. Siku hiyo ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Asipopita atarudi hapa nilipo mimi, na mimi najua hapa nilipo pakoje.

Sasa nakuuliza kama mjomba wake, si kama mtu wa redio. Maswali mawili. Hicho kinywaji kinasaidia kweli? Na kinatumikaje? Kama kinasaidia nitakitafuta Sumbawanga. Kama hakisaidii nitampa togwa kama siku zote. Rozina mwenyewe anakitaka, amekariri tangazo lako neno kwa neno. Mimi nitafanya utakachosema.

Dada yako,
Otilia


Arusha
4 Julai 2024

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa ufupi, kesho alfajiri nasafiri. Natumaini wote wazima.

Usihangaike kutafuta Sumbawanga. Nimempa Modesti katoni ya Vuma ya unga, pakiti arobaini. Unachanganya na maji. Maelekezo yapo kwenye pakiti. Mwambie Rozina mjomba wake anamwombea, na akimbie mbio zake asiangalie za wenzake.

Mdogo wako,
Flavian


Mpui
28 Julai 2024

Mdogo wangu Flavian,

Natumaini umerudi salama ulikokwenda. Sisi ni wazima wa mwili.

Rozina hakupita.

Nakueleza yote kama yalivyokuwa, kwa sababu nimejieleza mwenyewe kila siku tangu siku hiyo na sijapata jibu. Yeye na wenzake walilala mjini na Mwalimu Sayi. Mimi nilipanda basi la kwanza na kinywaji nimekitengeneza nyumbani. Yale maelekezo uliyosema ni Kiingereza, tena herufi za chawa. Nilifungua pakiti moja nikatia kwenye chupa ya lita moja na nusu. Ikawa maji ya rangi. Nikatia ya pili, bado maji. Flavian, mimi nimpelekee mwanangu maji siku kama ile? Nilitia nane. Hapo ndipo ilipoanza kuwa na mwili, ikanata kidogo kwenye kijiko, nikasema sasa hii ni ya mtu anayependwa.

Uwanjani akanywa kikombe akasema mama, tamu sana, inatosha. Nikamwambia mjomba wako hakuishia kikombe. Nilisimama mbele yake mpaka chupa ikaisha, kama mama alivyokuwa akitusimamia. Nusu saa baadaye wakaitwa.

Mizunguko minne aliongoza. Wa Muze alikuwa nyuma yake mbali, watu wa mjini wakawa wananiuliza huyu ni wa nani, nikawa nasema wangu. Mzunguko wa tano nikaona mkono umeshika ubavu. Wa sita akasimama, akainama, akatapika mbele ya jukwaa, maji ya rangi ya chungwa. Alijaribu kukimbia tena. Alimaliza wa tisa, anatembea amejikunja. Wa Muze amechaguliwa, na msichana mwingine wa Majengo, mtaa wa hapohapo mjini, ambaye Rozina hajawahi kushindwa naye.

Mwalimu Sayi aliniuliza amekula nini. Nikasema Vuma, ileile ya mjomba wake. Akasema basi si chakula, labda ni hofu. Rozina alisikia. Tulipokuwa tunashuka kwenye basi akaniambia, "Mama, mjomba kinampa medali na mimi kinanitapisha. Mwili wangu si wa mbio."

Niambie nilikosea wapi.

Dada yako,
Otilia


Mpui
22 Septemba 2024

Flavian,

Hujambo? Wiki nane sasa. Modesti anasema barua alikukabidhi mkononi, kwa hiyo sitajidanganya kwamba imepotea.

Rozina ameacha kukimbia. Mwalimu Sayi amekuja nyumbani mara tatu, anamwambia kuna mashindano mengine, kuna timu ya wilaya, kuna njia nyingine hata bila ile shule. Anamsikiliza kwa adabu, halafu anaenda kuchota maji. Shule anakwenda siku anayotaka. Sasa anasema mwezi wa kumi na mbili atashuka ziwani Kasanga kwa Margareth, yule binti wa shangazi, akauze samaki gatini. Sina ubaya na samaki. Nina ubaya na mtoto wa miaka kumi na sita kuamini kwamba mwili wake una kasoro.

Mimi akinisikia nasema miguu yake ni mizima, anasema mama lazima useme hivyo. Wewe atakuamini. Sikuombi raba wala blanketi. Nakuomba maneno ya kweli, hata nusu ukurasa.

Dada yako,
Otilia


Arusha
13 Oktoba 2024

Dada yangu Otilia,

Shikamoo. Sijui hata kama nina haki ya kukuuliza hali. Nimeanza barua hii mara nne.

Ile chupa ya Vuma iliyo gazetini, hiyo uliyoibandika ukutani, ndani yake ilikuwa togwa. Kimea chako. Usiku wa kuamkia mashindano niliimwaga Vuma kwenye sinki la hoteli nikajaza togwa, kwa sababu kocha alitukataza kunywa siku ya mbio kitu ambacho tumbo halijakizoea mazoezini. Nimeendelea hivyohivyo mpaka leo. Kimea nanunua sokoni kwa mama mmoja wa Singida, nakiingiza getini kwenye mfuko wa nguo chafu. Vuma si sumu, dada, wala si uongo wote. Ikichanganywa inavyotakiwa na mtu akakimbia masaa mawili, inafanya kazi ileile ya togwa. Pakiti moja kwa lita moja. Ila mita elfu tatu ni dakika kumi au kumi na moja. Hazihitaji kinywaji chochote. Kocha alitufundisha hilo wiki ya kwanza. Maji kidogo na usingizi wa kutosha, basi.

Sasa lililo gumu zaidi kuandika. Togwa yako ya kwanza, ile ya kopo mbili, ilinitapisha. Sikukuandikia. Niliinywa kama nyumbani, nzito, na kilomita ya kumi tumbo likanibana nikalala kando ya barabara. Kocha akanieleza kwamba kitu kizito chenye utamu mwingi hakiteremki upesi, kinakaa tumboni na kuvuta maji ya mwili, na anayekimbia ndiye anayeumia. Akanionyesha kuichuja kwa kitambaa na kuiongezea maji mara mbili. Ndiyo niliyokimbilia zile kilomita thelathini na mbili. Wewe nikakuandikia kwamba wameisifu kwa uzito. Ningekuambiaje kwamba togwa yako nimeitia maji? Wewe uliyeacha shule ukaitengeneza?

Ulipouliza yale maswali mawili, jibu la kweli lilikuwa ni usimpe kitu. Lakini nikisema Vuma haitamsaidia, ungeniuliza mbona wewe ilikusaidia, na hapo ningelazimika kusema yote, na barua ikianguka mkononi mwa mtu mkataba umekufa. Nikaona nitume tu, nikijidanganya kwamba haitamdhuru. Naujua mkono wako, dada. Pale stendi, Modesti anapakia ile katoni, nilijua utaifanya nzito. Nilijua kabisa. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Ningeweza kuandika juu ya katoni "pakiti moja, lita moja." Basi likaondoka nimesimama.

Mwambie Rozina mwili wake hauna kasoro yoyote, mimi nakuapia. Lakini usimwambie haya mengine. Ni mtoto, atasema shuleni, na shule ina simu. Imebaki miaka miwili mkataba uishe. Ukiisha nitakuja kumwambia mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Barua hii ichome ukishaisoma.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Flavian


Mpui
8 Desemba 2024

Flavian,

Salamu. Huku mvua zimeanza vizuri, za jirani na zetu pia.

Barua yako nimeichoma kama ulivyoomba. Kabla ya hapo nilimpa Rozina akaisoma.

Usidhani nilifanya kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, lakini nililala nayo siku tatu kwanza nikaipima. Uliniambia nimwambie mwili wake ni mzima, basi. Hilo nilishamwambia mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi. Ulitaka nimpe tena maneno matupu ili wewe ubaki na matangazo yako. Miaka miwili kwako ni mkataba. Kwa msichana wa umri wake ni Kasanga, ni mume, ni mtoto mgongoni. Nilikuwa msichana wa umri huo, najua unavyopita.

Kosa langu silikimbii. Mkono uliotia pakiti nane ni huu ninaoandikia. Mdomo uliomlazimisha kumaliza chupa ni wangu, na yeye alikuwa ameshasema inatosha. Nimemwomba radhi mwanangu, mimi mama yake, nimekaa chini kwenye mkeka na yeye kwenye kiti. Akanishika bega akasema hukujua, mama.

Halafu akarudia barua yako tangu juu. Alipofika pale stendi aliweka kidole chini ya neno, akaniuliza, "Hapa anasema alijua?" Nikasema ndiyo. "Na alikuwa na kalamu?" Nikasema ndiyo, ndivyo alivyoandika. Hakulia. Alikunja karatasi akanirudishia, akaenda kumalizia kupukuchua mahindi.

Nilikuwa naogopa itamvunja. Wiki iliyofuata alifungua mlango kabla jogoo hajamaliza, na nikasikia miguu yake inaelekea barabara ya lami. Kasanga hajaitaja tena. Nafasi ya ile shule imekwenda na haitarudi, lakini Mwalimu Sayi anasema miguu ipo. Nakuandikia hili ili usije ukalala ukidhani umemuua, si ili ufurahi.

Jumamosi iliyopita walikuwa na mbio za kilomita tano pale Majengo, watu wazima na wanafunzi pamoja. Amekuwa wa tatu, na waliomtangulia ni wanawake wenye watoto shuleni. Kabla ya kukimbia alikunywa maji nusu kikombe, mimi nikiwa nimefunga mikono yangu kwenye kanga. Wakati wa kuandika majina ya washindi, yule bwana wa mezani aliona jina la ukoo wetu, nililompa Rozina, kwenye karatasi yake. Akatabasamu, akasema, "Wewe ni wa Mpui, siyo? Basi Flavian wa Vuma ni mjomba wako."

Rozina akamjibu, "Hapana, mzee. Mimi sina mjomba."

Yule bwana akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, na nilikuwa na nafasi ya kusema anatania. Sikumsahihisha.

Mama Rozina